Bampa ya Alumini kwa Fundi wa Nyumbani: Pesa Yako Ifuate Kazi Ilipofika

Ukinunua sufuria, unaishika, unaigonga na kidole, unalipa kwa till na unaondoka nayo. Bampa ya kutengenezewa haiendi hivyo. Siku unayotuma pesa ya kwanza, bampa yenyewe haipo. Kuna gari lako, kuna fundi, kuna shiti ya alumini ambayo bado iko dukani Industrial Area, na kuna bei mliyoelewana kwa mdomo mkiwa mmesimama kando ya barabara. Pesa za watu hupotelea hapo katikati, na si kila mara kwa sababu fundi ni mwizi.

Swali la dipoziti tunaulizwa sana: “Fundi ameitisha asilimia 70 kabla aanze. Nitume ama nisitume?” Jibu linategemea kazi, kwa hivyo tukaamua kuifuata kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho tuone pesa inahitajika wapi hasa. Tulichagua bampa ya mbele na breketi zake, zote za kupima na kukata kwa mkono, kwa fundi anayefanya kazi nyuma ya nyumba yake Ruiru. Jina lake tumeliacha kwa ombi lake. Anasema wateja alio nao sasa wanamtosha.

Kwa nini alumini, na kwa nini bei inaruka

Wenye Hilux, Land Cruiser na Prado wamezoea bampa za chuma, na mafundi wa kuzichomelea hawakosekani mji wowote wenye stima. Kinachowavuta watu kwa alumini ni uzito. Shiti ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 5 ina kilo 40 hivi ikiwa ya alumini. Ya chuma, ukubwa huohuo na unene huohuo, inakaribia kilo 117. Kila kilo unayoning'iniza mbele ya gari inabebwa na springi za mbele, na kwa barabara zetu springi hizo tayari zina kazi ya kutosha.

Lakini usikimbilie hesabu hiyo. Unene ukiwa sawa, alumini hupinda mara tatu kirahisi kuliko chuma, kwa hivyo fundi anayejua kazi hawezi kuweka unene uleule. Pale ambapo chuma cha milimita 3 kingetosha, yeye ataweka alumini ya milimita 4 na kitu, au apande hadi 5. Mwishowe unaokoa karibu nusu ya uzito. Anayekuahidi kwamba utaokoa thuluthi mbili ama hajapiga hesabu, ama amepanga kukuuzia bampa itakayotetemeka kama bati la kioski siku ya upepo.

Bei nayo inapandishwa na namna alumini inavyochomelewa. Alumini yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi, lakini juu yake kuna utando mwembamba wa oksaidi ambao hauyeyuki hadi upite nyuzi 2,000. Ukiipasha moto tu, utando unabaki mzima na chuma kinachuruzika chini yake. Ndiyo maana mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti haifai. Inahitajika mashine ya TIG yenye mkondo wa AC, ambao huvunja utando huo kadiri kazi inavyoendelea, pamoja na mtungi wa gesi ya agoni tupu, si ile iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Na tofauti na chuma, alumini haikuonyi. Haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka. Iko sawa, iko sawa, halafu imeanguka sakafuni.

Kwa unene wa milimita 5 mashine hiyo huhitaji ampea 200 hivi. Soketi ya kawaida ya nyumbani ya ampea 13 haiwezi kuilisha, kwa hivyo fundi wetu amewekewa laini yake kutoka kwa boksi la stima, na tokeni zinaisha ukitazama. Tunataja haya kwa sababu mteja akisikia bei huona chuma na jasho tu. Gesi na tokeni hazionekani kwenye bampa, lakini zimo ndani ya bei.

Kadibodi kwanza

Siku ya kwanza hakuna cheche. Kuna boksi la televisheni lililokatwa, tepu ya kupimia, kalamu, na mtu amepiga magoti mbele ya gari. Fundi hukata kadibodi, huibandika kwa selotepu, husimama mbali, hurudi, hukata tena. Anaangalia kama radieta itapata hewa, kama taa hazitazibwa, kama ndoano ya kuvutia gari itafikika, na kama gurudumu likikatwa kona hadi mwisho litagusa pembe ya bampa. Hilo la gurudumu ndilo husahaulika zaidi. Ukikosea sentimita moja kwenye kadibodi, unatafuta boksi lingine. Ukikosea kwenye alumini, umeharibu shiti.

Kazi hii ya kadibodi inachukua karibu siku nzima na haigharimu vifaa vyovyote vya maana. Liweke hilo akilini, tutalirudia kwenye pesa.

Baada ya hapo ni kuchagua alumini. Usimwambie fundi “alumini” tu, muulize ni aina gani. Majina mawili utakayosikia ni 5052 na 6061. Ya 5052 hukunjika vizuri bila kupasuka, kwa hivyo inafaa uso wa bampa wenye kona. Ya 6061 iliyokazwa kiwandani, inayoandikwa 6061-T6, ina nguvu zaidi lakini ukiikunja kona kali hupasuka, na ukiichomelea, sehemu iliyo karibu na mshono hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Si kwamba ni mbaya. Inafaa breketi, mradi mshono usiwekwe mahali ambapo mzigo wote unapita. Muuzaji akikwambia “alumini ni alumini, mkubwa”, nenda duka linalofuata.

Kukata si shida kubwa. Msumeno wa umeme wenye meno ya kabaidi unakata alumini karibu kama mbao, ukiupaka mafuta kidogo. Diski ya grinda ya kukatia chuma huziba, na jiwe la kunolea likizibwa na alumini linaweza kupasuka likiwa kwenye mwendo. Kama karakana haina mashine ya kukunja, fundi huchora mstari, anakata mfereji hadi nusu ya unene, anakunja kwa mkono kisha anaujaza mfereji kwa kuuchomelea. Tuliona akifanya hivyo kwenye kona zote nne na ukingo ukatoka umenyooka.

Usafi ndio uliotushangaza. Kabla ya kila mshono alumini inafutwa kwa asetoni, halafu inasuguliwa na brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Brashi hiyo ina msumari wake peke yake ukutani, na kijana wa kazi akiichukua kusugua geti, atakuwa na siku ndefu. Na jambo moja la hatari: dawa za kusafishia breki zenye klorini zisikaribie alumini itakayochomelewa. Zikipata joto na mwanga wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoua. Ukiona mkebe wa dawa hiyo juu ya meza ya kuchomelea, uliza.

Breketi ndizo kazi yenyewe

Bampa ndiyo majirani wataiona. Breketi hazionekani, na ndizo zinazoshika kila kitu. Zinafungwa kwa bolti kwenye ncha za chasisi, na matundu yake hukatwa marefu kidogo ili bampa iweze kusogezwa juu, chini na pembeni kabla ya kukazwa. Fundi akitoboa matundu ya duara tu, bampa yako itakaa upande siku zote, kama kofia ya mlevi.

Kwa gari litakalofungwa winchi, fundi wetu hatengenezi breketi za alumini hata ukimwongeza pesa. Winchi kwa kawaida huchaguliwa yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limebeba mzigo, na nguvu hiyo yote hupitia kwenye breketi hadi kwenye chasisi. Hapo anatumia chuma, na uso wa bampa unabaki alumini. Tunakubaliana naye. Wanaojenga magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya porini yaliyoanza 1989, wanajua gari linavyovutwa kutoka kwenye bonde, na winchi ikichomoka na breketi yake hairuki peke yake.

Pale alumini inapokutana na chasisi ya chuma, weka kitu katikati. Vyuma hivyo viwili vikigusana na maji yakaingia, alumini inaliwa polepole. Pwani, ambako hewa ina chumvi, haiwi polepole. Rangi nzito au kipande chembamba cha plastiki ngumu kinatosha, na bolti ziwe zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia kitanda.

Wenye gari dogo, Vitz au Probox kwa mfano, mna swali lingine. Nyuma ya bampa ya plastiki kuna boriti ya kiwandani iliyotengenezwa kukunjamana gari likigonga, na magari mengi yana vihisio vya airbag huko mbele. Bampa yoyote inayohitaji boriti hiyo ikatwe, sisi tungeiacha. Na hata kwa gari kubwa, kabla hujatuma shilingi ya kwanza, uliza NTSA na kampuni yako ya bima kama mabadiliko hayo yatakuletea shida kwenye ukaguzi au kwenye fidia, na jibu liwe la maandishi.

Sasa pesa

Tuseme mmeelewana KSh 60,000 kwa kazi nzima. Hizi ni namba za mfano tu, bei yako itategemea gari na unene. Kwenye hiyo, KSh 33,000 ni shiti, fimbo za kujazia, bolti na gesi, na KSh 27,000 ni kazi ya mikono.

Fundi akisema “tuma arobaini nianze”, usikasirike, lakini usitume pia. Muulize orodha ya vifaa. Halafu fanyeni jambo ambalo tungependa kila mteja wetu alijue: nendeni dukani pamoja, au fundi aende na akupigie akiwa kaunta, na wewe ulipe shiti moja kwa moja kwa till ya duka. Kabla ya kuweka PIN, jina la duka linakuja kwenye simu yako. Likitofautiana na lililo kwenye bango, simama. Ukilipa hivyo, risiti ni yako na shiti ni yako hata ikiwa imelala kwenye karakana ya mtu. Fundi akipotea, kuna kitu cha kwenda kuchukua. Pesa iliyopitia kwa simu yake kwanza imechanganyika na kodi ya nyumba na karo, na huwezi tena kusema hii ni shiti na hii ni unga.

Ya mikono igawanye kwa kufuata kile unachoweza kukiona. KSh 5,000 kadibodi ikishakaa kwenye gari na wewe umeiona, kwa sababu hiyo ni siku yake nzima. KSh 10,000 bampa ikishashikizwa kwa nukta chache za kuchomelea na kuwekwa kwenye gari, kabla haijamalizwa. Hatua hii usiipuuze kabisa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto, hivyo ikichomelewa yote kwa mara moja hujipinda, na bampa iliyojipinda hairudi. Ikiwa bado ni nukta, kona iliyokaa vibaya inakatwa na kurudishwa kwa dakika tano. Nenda mwenyewe, funga na kufungua boneti, washa taa, kata kona kushoto na kulia hadi mwisho. KSh 12,000 za mwisho zitoke bampa ikiwa imefungwa kwenye gari na umeliendesha angalau hadi mahali penye matuta.

Kama humjui fundi, kabla ya yote hayo mwambie achomelee vipande viwili vidogo mbele yako, kisha avibane kwenye jiriwa na kuvikunja kwa nyundo. Mshono mzuri hukunjika pamoja na chuma. Mbaya hukatika kama biskuti. Anayejua kazi hatakataa. Wengine hata hufurahia. Pia unaweza kumuuliza kama ana cheti cha mtihani wa NITA, ingawa tumeona mikono mizuri isiyo na cheti.

Kila mkikubaliana jambo, liandike kwa meseji kwa nambari ileile unayolipia: aina ya alumini, unene, tarehe, kiasi. “Tumeelewana 5052, milimita 5, imalizike Ijumaa ya pili, kazi ni 27,000 mara tatu.” Akijibu “sawa mkubwa”, mna mkataba. Ikija meseji kwamba “nambari imebadilika, tuma kwa hii ya wife”, usilipe hadi umpigie kwa nambari ya zamani na usikie sauti yake.

Upande wa fundi

Tukimaliza na mteja, fundi naye ana yake, na naye ni mteja wetu. Bampa iliyopimwa kwenye gari lako haitoshi gari lingine. Ukiingia mitini katikati ya kazi, haiwezi kuuzwa kwa mwingine, inabaki pale ikishika vumbi. Fundi wetu anazo mbili hivi sasa, moja imeegemea tangi la maji. Ndiyo maana mafundi hutaka pesa nyingi mapema. Mpango wa hatua humlinda pia, kwa sababu hakuna siku anayodai zaidi ya kazi ya siku chache.

Kuna wizi wa aina mbili unaowapata mafundi. Wa kwanza ni meseji bandia ya malipo. Mteja anaonyesha simu, “imeenda”, na meseji kweli inaingia, lakini imetoka kwa nambari ya kawaida na pesa haipo. Fundi, angalia salio lako kabla hujaachilia ufunguo wa gari. Usione haya. Wa pili ni mteja anayelipa, anaondoka na gari, halafu anaomba muamala urudishwe akisema alikosea nambari. Huduma ya kurudisha ipo kwa aliyetuma kwa nambari isiyo sahihi kweli, na anapaswa kuripoti mara moja kabla pesa haijatumiwa. Si njia ya kubishana kuhusu kazi. Ukipata simu kutoka kwetu kuhusu muamala kama huo, ile meseji ya “sawa mkubwa” ndiyo tutakayoomba kuiona.

Na kazi ikiharibika kweli? Mazungumzo kwanza, kwa sababu mshono mbaya mara nyingi hurekebishika. Mkishindwana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na ambayo husikiza madai ya hadi KSh 1,000,000, yakiwemo ya bidhaa na huduma. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Beba risiti ya duka, meseji zenu, picha za bampa na taarifa ya miamala ya simu yako. Taarifa hiyo unaweza kuiomba kwetu wakati wowote, na ndani yake kila malipo yana tarehe, saa na jina la aliyepokea.

Baada ya kufungwa, rudi baada ya wiki mbili za kuendesha ili bolti zikazwe tena, kisha angalia mishono kila unapofanya sevisi. Alumini huchoka kwa mtikisiko, na ufa huanza mdogo kama unywele pembeni mwa mshono wa breketi.

Jambo dogo la mwisho ambalo huleta ugomvi kuliko ukubwa wake ni mabaki. Shiti ya futi 4 kwa 8 haiishi yote kwenye bampa moja. Vipande vinavyobaki vinaweza kutoa breketi za taa za ukungu au ya kushikia kamera ya nyuma, na vidogo kabisa huuzwa kwa kilo kama skrapu, vingine vikiishia Kariobangi kuyeyushwa kuwa sufuria. Kama ulilipa shiti mwenyewe, vipande ni vyako. Lakini mafundi wengi huvihesabu kama chai yao, kwa hivyo ukivitaka, mwambie mapema, kwenye meseji ileile ya bei.